Norbert Wiener, mtu aliyetafuta sauti ndani ya kelele

Mwanafunzi anayeanza shahada ya uzamili katika uchakataji wa ishara, yaani fani ya kuzisafisha, kuzibana na kuzifasiri ishara za sauti, picha na redio zinazopita katika mitambo ya mawasiliano, hakawii kukutana na jina la Norbert Wiener. Mwalimu huandika ubaoni kichujio cha Wiener, darasa hunakili milinganyo, na somo huendelea. Ni nadra mtu kuuliza Wiener mwenyewe alikuwa nani.

Alikuwa mwanahisabati wa Kimarekani, aliyefariki dunia mwaka 1964, na masomo yake ya juu yalianza kwa kushindwa. Nadharia iliyompa jina miongoni mwa wahandisi ilizaliwa wakati wa vita, ikafungiwa kama siri ya serikali, na ilipotolewa hadharani wengi hawakuielewa. Walioifanya ieleweke ni watu waliowahi kuketi mbele yake kama wanafunzi.

Mtoto wa profesa

Wiener alizaliwa tarehe 26 Novemba 1894 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri. Baba yake, Leo Wiener, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Bialystok, mji uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Urusi na ambao leo uko Poland. Leo alihamia Marekani akiwa kijana, akafanya vibarua vya kila namna, na hatimaye akawa profesa wa lugha za Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mzee huyo alimudu lugha nyingi, na aliwahi kutafsiri maandishi ya Tolstoy kwa Kiingereza katika juzuu 24.

Leo aliamua kumfundisha mwanawe nyumbani. Somo lilianza kwa utulivu, lakini kosa moja la aljebra lilitosha kumgeuza baba mpole kuwa hakimu mwenye ghadhabu, na mara nyingi mtoto alimaliza akiwa analia. Alipofikia umri wa miaka minane, macho yake yalidhoofika kiasi kwamba daktari alimpiga marufuku kusoma kwa miezi sita. Mafunzo hayakusimama. Mtoto alisomewa, akakokotoa kichwani, na tangu hapo akawa na kumbukumbu iliyowashangaza waliomzunguka.

Alimaliza sekondari akiwa na miaka 11, na mwaka 1909, akiwa na miaka 14, alipata shahada ya kwanza ya hisabati katika Chuo cha Tufts. Waandishi wa habari walibisha hodi. Leo aliwaeleza kwamba mwanawe hakuwa na kipaji cha ajabu, bali alikuwa mtoto wa kawaida aliyefunzwa vizuri. Kijana aliyasoma maneno hayo gazetini, na yalimchoma kwa miaka mingi, kwani aliyaelewa hivi: akifaulu, sifa ni ya baba, akishindwa, aibu ni yake peke yake.

Kushindwa hakukukawia. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka huo huo aliingia Harvard kwa masomo ya juu ya elimu ya wanyama. Somo hilo huhitaji jicho kali la hadubini na mkono mwepesi wa kupasua na kuchora, na yeye hakujaliwa kimojawapo. Mwaka uliofuata alihamia Chuo Kikuu cha Cornell kusoma falsafa, na huko nako ufadhili wake haukuongezwa. Baba yake akamrudisha Harvard, na mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 18, alipewa shahada ya uzamivu kwa tasnifu iliyolinganisha mifumo miwili ya mantiki ya kihisabati. Kwa hesabu ya umri alikuwa mbele ya wenzake wote. Kwa hesabu ya mwelekeo wa maisha hakuwa na uhakika hata wa fani yake.

Harvard ilimpa fedha za safari, naye akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kwa mwanafalsafa Bertrand Russell. Hapo inaonekana jinsi ushauri mmoja wa mwalimu unavyoweza kubadili maisha. Russell, ambaye mwanzoni hakuvutiwa na majivuno ya kijana huyo, alimwambia ajifunze hisabati zaidi, na tena asome makala za Albert Einstein za mwaka 1905, mojawapo ikiwa inahusu mtikisiko usio na mpangilio wa chembe ndogo zinazoelea katika maji. Hisabati aliipata kwa G. H. Hardy, mhadhiri ambaye Wiener alimhesabu daima kuwa mwalimu wake bora. Chembe za Einstein alikaa nazo kichwani kwa miaka kadhaa.

Mto na wahandisi

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza alirejea nyumbani, akaandika makala za kamusi elezo, akawa mwandishi wa gazeti mjini Boston, na mwaka 1918 akakokotoa majedwali ya masafa ya mizinga katika kambi ya jeshi ya Aberdeen, jimbo la Maryland. Mwaka 1919 alipata nafasi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Chuo hicho hakikuwa na sifa kubwa ya hisabati siku hizo. Idara ya somo hilo ilikuwapo zaidi kwa ajili ya kuwafundisha wahandisi. Wiener alidumu hapo hadi mwisho wa maisha yake.

Majengo ya MIT yanatazamana na mto Charles. Wiener alipenda kuutazama, na aliandika baadaye kwamba aliyaona mawimbi yake kama swali la hisabati: ni lugha gani inayoweza kueleza uso wa maji unaobadilika kila dakika, pasipo kumlazimu mtu kufuatilia kila tone? Jibu alilitafuta kwanza katika chembe za Einstein. Kati ya mwaka 1920 na 1923 alijenga hisabati kamili ya mtikisiko ule, akionyesha kwamba hata mwendo usiotabirika una sheria zake, mradi tu mtu atazame njia zote zinazowezekana kwa pamoja badala ya kuikazia macho moja.

Wakati huo huo wahandisi wa umeme wa MIT walimwendea na tatizo lao. Walikuwa wakitumia kanuni za Mwingereza Oliver Heaviside kukokotoa mwenendo wa umeme katika nyaya za simu. Kanuni zilitoa majibu sahihi, lakini hakuna aliyejua kwa nini. Wiener alipozitafutia msingi aligundua kwamba hisabati ya Fourier, ambayo huigawa ishara katika masafa yake kama muziki unavyogawanyika katika noti, ilikuwa na pengo kubwa. Ilishughulikia vizuri ishara zinazojirudia na zile zinazofifia. Lakini mazungumzo ya simu, au mikwaruzo ya redio, hayajirudii wala hayafifii kwa utaratibu wowote.

Msikilizaji aliyewahi kutega sikio kwenye redio ya masafa mafupi usiku anaijua hali hiyo: sauti ya mtangazaji hupanda na kushuka, huku mvumo na mikwaruzo ikiizonga. Katika kazi yake kubwa ya mwaka 1930 Wiener alionyesha jinsi ya kuipima ishara ya aina hiyo. Unauliza ni kwa kiasi gani ishara ya sasa inafanana na ishara hiyo hiyo ya kitambo kifupi kilichopita, na kutokana na mfanano huo unapata nguvu iliyomo katika kila masafa. Sauti ya binadamu hujifanana kwa namna yake, na kelele kwa namna nyingine. Tofauti hiyo ndiyo mlango wa kuzitenganisha.

Wanafunzi watatu

Kama mwalimu, Wiener hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mnene, mwenye miwani mizito na ndevu zilizochongoka, aliyezunguka katika ujia wa chuo akimsimamisha yeyote aliyekutana naye ili amweleze wazo jipya. Darasani aliandika, akafuta kabla watu hawajanakili, akaruka hatua alizoziona ziko wazi. Alihitaji kusifiwa mno, na alikuwa na vipindi virefu vya huzuni vilivyomwelemea mkewe, Margaret, aliyemwoa mwaka 1926, pamoja na mabinti zao wawili. Lakini alipomwona mwanafunzi mwenye uwezo, alimfungulia milango yote.

Wa kwanza alikuwa Yuk-Wing Lee, mzaliwa wa Macau, aliyekuwa akisomea uzamivu katika uhandisi wa umeme. Vannevar Bush, profesa wa idara hiyo, alimwelekeza kwa Wiener, na mwaka 1930 Lee akamaliza tasnifu iliyoonyesha namna ya kujenga saketi ya umeme yenye mwenendo wowote unaotakiwa, kwa kutumia hisabati ya mwalimu wake. Hataza za kazi hiyo zilinunuliwa na kampuni ya simu ya AT&T. Wiener alilalamika baadaye kwamba wanunuzi waliziweka kabatini zisitumiwe na mtu. Lee alirudi China kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, na mwaka 1935 mwalimu akamfuata huko na familia yake, akakaa karibu mwaka mzima.

Wa pili, Norman Levinson, alitoka katika familia maskini ya wahamiaji. Alikuwa bado mwanafunzi wa uhandisi alipojiunga na somo la juu la Wiener, akapewa muswada ambao haujachapishwa ausome. Ndani yake aligundua pengo katika uthibitisho mmoja, akaliziba. Wiener aliketi mara moja kwenye taipureta, akaipiga chapa kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe, akaandika juu jina la Levinson peke yake na kuituma kwenye jarida. Anayekumbuka habari ya baba na magazeti atalitazama tendo hilo kwa jicho la pekee. Muswada wenyewe Wiener aliuandika pamoja na Raymond Paley, kijana wa Kiingereza aliyefariki katika maporomoko ya theluji nchini Kanada mwaka 1933, kabla kitabu chao hakijatoka.

Wa tatu alikuja baadaye, baada ya vita.

Ndege isiyofika

Mwaka 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia miji ya Uingereza usiku baada ya usiku. Risasi ya mzinga wa kutungulia ndege huweza kuchukua sekunde nyingi, hata 20, kabla ya kufika juu, na kwa hiyo mpiga mzinga hailengi ndege pale ilipo bali pale itakapokuwa. Rubani naye hapiti njia iliyonyooka. Wiener alijitolea kulishughulikia tatizo hilo, na mwanzoni mwa 1941 akapewa msaidizi, mhandisi Julian Bigelow.

Alichokiona ni kwamba hili halikuwa tatizo la mizinga pekee. Njia ya ndege ni ishara. Makosa ya rada ni kelele iliyochanganyika nayo. Kukisia ndege itakuwa wapi, na kuichuja sauti ya simu kutoka katika mvumo wa waya, ni kazi moja ya hisabati. Hutafuti jibu lisilo na kosa, kwa kuwa halipo. Unatafuta kichujio ambacho, kwa wastani wa hali zote zinazoweza kutokea, mraba wa kosa lake ni mdogo kuliko wa kichujio kingine chochote. Mlinganyo uliotoa jibu Wiener alikuwa ameutatua miaka kumi nyuma akishirikiana na Eberhard Hopf, na wakati huo ulihusu mwanga unavyopita katika nyota.

Ripoti yake ilitolewa mwezi Februari 1942 ikiwa siri, na ikagawiwa kwa watu wachache. Jalada lake lilikuwa la njano, nayo hisabati yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba wahandisi waliibandika jina la utani la kutisha lililotokana na rangi hiyo. Ni vyema kusema wazi kwamba kama silaha ilishindwa. Mtambo wa majaribio wa Wiener na Bigelow uliwavutia wakaguzi, lakini ulipolinganishwa na mtambo rahisi zaidi uliobuniwa katika maabara za Bell, kwa kutumia njia halisi za ndege, faida yake ilikuwa ndogo mno. Mradi ukafungwa. Wiener hakujua kwamba Andrei Kolmogorov alikuwa amechapisha mjini Moscow, mwaka 1941, nadharia ya kubashiri iliyokaribiana sana na yake.

Ripoti ilichapishwa kama kitabu mwaka 1949, na hapo ndipo wanafunzi wa zamani walipoingia. Levinson, ambaye sasa alikuwa mwalimu MIT, aliandika maelezo mepesi yaliyowekwa mwishoni mwa kitabu hicho, pamoja na njia ya kukokotoa kichujio hatua kwa hatua, kila hatua ikitumia jibu la hatua iliyotangulia. Yeye mwenyewe aliiona njia hiyo kuwa kitu kidogo kihisabati. Lee alikwama China miaka yote ya vita, akaendesha duka la vitu vya kale mjini Shanghai ili aishi, na akarudi MIT mwaka 1946. Mwaka uliofuata alianzisha somo la uzamili lililoigeuza nadharia ya Wiener kuwa lugha ya wahandisi, lenye mifano, michoro na mazoezi. Masomo ya aina hiyo yanayofundishwa leo katika vyuo vingi duniani ni wajukuu wa darasa lile.

Kukataa

Wiener alikuwa na mambo mengine moyoni. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, aliamua kwamba mtaalamu anawajibika kwa matumizi ya elimu yake. Mwishoni mwa mwaka 1946 mtafiti wa kampuni moja ya ndege, aliyekuwa akishughulikia makombora ya kuongozwa, alimwomba nakala ya ripoti ya wakati wa vita. Wiener alikataa, na barua yake ya kukataa ilichapishwa katika jarida la Atlantic Monthly mwezi Januari 1947. Wapo waliomwona shujaa, na wapo waliosema anatafuta umaarufu, kwa kuwa ripoti ingepatikana kwingineko. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Hata hivyo alishikilia msimamo huo hadi kufa, akikataa fedha za utafiti wa kijeshi wakati ambapo vyuo vingi vya Marekani vilizitegemea, MIT kikiwemo.

Mwaka 1948 alitoa kitabu kuhusu sibernetiki, elimu ya udhibiti na mawasiliano katika wanyama na mitambo, ambacho kilimfanya ajulikane mbali nje ya vyuo. Mwaka huo huo Claude Shannon, aliyepata shahada zake za juu MIT, alichapisha nadharia yake ya mawasiliano, na ndani yake alikiri deni kubwa kwa Wiener. Mwaka 1949 Wiener alimwandikia kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, Walter Reuther, akimwonya kwamba mitambo inayojiendesha itawanyang'anya watu kazi.

Huku mwenyewe akiwa amehamia kwenye maswali hayo, hesabu zake zilisambaa mahali ambapo hakuzikusudia. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa MIT, Enders Robinson, alizitumia kusafisha mwangwi wa milipuko iliyopigwa ardhini na watafutaji wa mafuta, na mbinu hiyo ikawa ya kawaida katika viwanda vya mafuta. Simu za mkononi za mfumo wa GSM, ulioanza kutumika Ulaya mwaka 1991, huikata sauti katika vipande vya milisekunde 20, kila kimoja kikiwa na sampuli 160. Simu hukokotoa jinsi kila sampuli inavyoweza kubashiriwa kutokana na zilizotangulia, kisha hutuma kanuni ya ubashiri pamoja na masalio machache. Mtu aliyeko Maskati anapompigia ndugu yake Unguja, sauti yake inapita katika hisabati iliyo ya ukoo mmoja na ile ya ndege za mwaka 1941 na hatua za Levinson.

Mwezi Januari 1964 Wiener alipokea kutoka kwa Rais Lyndon Johnson nishani ya taifa ya sayansi. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Machi, alipokuwa akipanda ngazi za chuo cha kifalme cha teknolojia mjini Stockholm, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 69. Alizikwa katika jimbo la New Hampshire, karibu na milima alikopenda kupumzika na familia yake.

Mwanafunzi yule wa tatu alikuwa Amar Bose, mtoto wa mhamiaji kutoka Bengal, aliyepata uzamivu mwaka 1956 chini ya Wiener na Lee. Mwaka ule ule aliofariki mwalimu wake alianzisha kampuni ya vipaza sauti, ambayo baadaye ilijulikana zaidi kwa vipokea sauti vya masikioni vinavyozima kelele za ndege kwa kuzalisha mawimbi yanayozipinga. Mwaka 2011, miaka miwili kabla ya kufariki dunia, Bose aliikabidhi MIT sehemu kubwa ya hisa za kampuni hiyo, kwa sharti kwamba chuo kisiziuze wala kisiingilie uendeshaji wake, na gawio lake litumike kwa elimu na utafiti.